Fungu la Mgeni

Noeli ile mvua ilitutenga na padri. Mto ulio kati ya kigango chetu na misheni ulifurika tangu wiki ya pili ya Majilio, na mtu aliyetumwa kuuangalia alirudi na matope hadi kiunoni, akasema daraja la magogo halipo tena. Kwa hiyo hapakuwa na Misa. Baba yangu, aliyekuwa katekista upande wetu wa Bugarama, angeongoza sala mwenyewe katika kanisa letu la nyasi, angesoma habari za kuzaliwa kwa Bwana, na baada ya hapo tungekula nyama.

Nyama ndiyo tuliyoingoja. Ilikuwa miaka ya vita vya Wazungu. Chumvi ilikuwa adimu, nguo adimu zaidi, na vijana wawili wa kilima chetu walikuwa wamechukuliwa uaskari, hakuna aliyejua wako wapi. Lakini kwetu migomba ilikuwa bado imesimama. Njaa ilikuwa ng'ambo ya Ruvubu, katika nchi ya Wabelgiji. Tuliijua kama watu wanavyoujua moto wa porini: harufu kwanza, sauti baadaye. Tangu kabla ya mvua za vuli watu walikuwa wakivuka. Walipita kwetu wakielekea mashariki, njia ya Nyakahura, kupitia pori la mbung'o, kutafuta mahali penye kibarua na chakula. Wale wa kwanza walipita wakitembea wima. Waliokuja Desemba hawakuwa wima.

Wakristo wa kigango chetu walikuwa na desturi ya kuchinja ng'ombe mmoja kila Noeli, na kabla mtu yeyote hajapewa chake, fungu la kwanza liliwekwa kando juu ya jani la mgomba. Ini, kidari, na mafuta ya kutosha. Liliitwa fungu la Mgeni. Baba ndiye aliyeanzisha jambo hilo. Alimsikia padri akihubiri kwamba Kristo huja mlangoni na uso wa maskini, na kwa baba kusikia hakukutosha. Alikuwa mtu ambaye neno likimwingia sikioni lazima litokee mikononi. Miaka mingine fungu lile lilikwenda kwa kipofu wa kilima cha chini, au kwa mjane mwenye ukoma aliyeishi peke yake kandokando ya kinamasi. Baba alilibeba mwenyewe kichwani, akafika, akapiga goti mbele ya mjane yule kwenye matope, akampa kwa mikono miwili. Nilimfuata siku moja nikamwona. Tangu siku hiyo nilitaka kupiga goti namna ile.

Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi, nikijiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Nilikijua kwa moyo kile kisa cha hukumu ya mwisho, cha wenye njaa na walio uchi na wagonjwa, na Mfalme anayesema kwamba alikuwa yeye. Kila jioni nilimwomba Yesu jambo moja tu: akija, aje kwetu, asiende kwa jirani.

Alikuja mchana wa Noeli, sala zilipokwisha, wakati wanaume wakimkata ng'ombe nyuma ya kanisa. Mvua ilikuwa imepumzika. Watu walikuwa na furaha, na maneno yalikuwa mengi kuliko visu.

"Wewe," mmoja akamwambia mwenziwe aliyeinama juu ya beseni, "utumbo huo unauosha au unaubatiza?"

"Nauungamisha kwanza. Una dhambi kuliko wewe."

"Basi ukimaliza uniite, tuungame pamoja, maana nitaula mimi."

Kicheko kilikatika upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka kukawa kimya. Njiani kutoka bondeni alikuwa akija mtu na mtoto. Mtu yule alivaa nguo ya gome la mti iliyochakaa hata ikawa nyuzi. Magoti yake yalikuwa manene kuliko mapaja. Midomo ilikuwa imerudi nyuma ikayaacha meno nje, hivi kwamba mtu wa mbali angedhani anacheka. Mtoto, msichana wa miaka minne au mitano, alikuwa ameshika upindo wa gome lile kwa mikono yote miwili, na alikuwa akitembea amefumba macho.

"Amahoro," mtu yule alisalimu. Halafu akakaa chini, si kwa kutaka, bali kwa sababu miguu ilikuwa imefika mwisho wake.

Baba aliweka kisu chini. Akaenda akapiga goti pale pale, kwenye matope yaliyochanganyika na damu ya ng'ombe, akaishika mikononi mwake mikono ya mtu yule. Nyuma yake mwanamke mmoja akaanza kuimba wimbo wa kuzaliwa kwa Mtoto, wengine wakaupokea. Nilijua ni nani aliyefika.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko letu, hatua chache kutoka kanisani. Alikuwa amekataa maji ya ubatizo mara tatu, tena kwa adabu, kama mtu anavyokataa kuongezewa chakula. Aliishi nasi, alitusikiliza tukisali, hakusali. Sasa aliinuka na fimbo yake akaja polepole mpaka alipokuwa baba.

"Mwanangu, mpe uji," alisema. "Mwepesi, unaopita kwenye vidole. Kidogo, kisha asubiri. Kisha kidogo tena. Nyama asiione hata kwa macho."

Baba alimtazama kana kwamba amezungumza lugha ya mbali. Kwetu uji ni wa watoto wachanga, wa mzazi aliyejifungua jana, wa mgonjwa asiye na meno. Kumpa uji mwanamume aliyefika nyumbani kwako kama mgeni ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye si mwanamume. Watu wamevunja undugu kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Bibi anataka kumnyonyesha mzee mzima," mmoja wa wakataji alisema, na wachache wakacheka.

"Mama," baba alisema, "angekuja mwami hapa, mfalme mwenyewe, ungempa uji?"

"Angekuja mwami na tumbo lile, ningempa uji."

"Huyu ni zaidi ya mwami."

"Huyu ni mtu mwenye njaa." Bibi hakupaza sauti. "Mimi njaa naijua. Kabla hujazaliwa, nchi hii ilikauka mpaka tukala ngozi za kulalia. Mwaka uliofuata, mvua iliporudi, ndugu wa baba yako alitoka porini, tukafurahi, tukamchinjia. Alikufa kabla hatujamaliza kucheza ngoma. Tumbo lililofungwa muda mrefu halifunguliwi kwa shoka, mwanangu."

Nadhani kwa kitambo baba alikuwa akimsikia kweli. Lakini macho ya watu wote yalikuwa juu yake, wimbo ulikuwa ukiendelea, na fungu lilikuwa pale juu ya jani, jekundu, likingoja miaka yote ile aje mwenyewe.

"Mama," alisema, "leo ni Noeli."

Alisema kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kuubamiza. Bibi alitikisa kichwa, akainama, akamshika yule mtoto mkono. "Basi huyu nipeni mimi. Huyu bado hana heshima ya kuvunjiwa." Hakuna aliyekataa. Mtoto kunywa uji lilikuwa jambo la kawaida.

Mama alipika fungu lile kwa ndizi na maharage, akatia chumvi yote tuliyokuwa tumeitunza tangu mavuno. Mgeni aliketishwa juu ya mkeka mpya. Baba alimnawisha mikono mwenyewe. Mikono ile ilipougusa mnofu wa kwanza ilikuwa ikitetemeka hivi kwamba nusu ilianguka, na baba akaokota, akapangusa, akamlisha. Alikula ini. Alikula mafuta. Aliletewa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na mrija mpya, akanyonya akiwa amefumba macho, akarudi kwenye nyama. Wakristo walikaa kumzunguka wakiimba, na wanawake walilia. Baba hakula. Alimtazama mtu yule akitafuna kama mtu anavyomtazama padri altareni akiinua hostia. Sijawahi kuuona tena uso wa baba ukiwa na furaha kama ile.

Mgeni alipomaliza alisema neno moja la shukrani, kisha akasema bado.

Wakampa tena.

Jua lilikuwa halijaanza kutua tumbo lake lilipovimba. Alijikunja, akashika magoti yake, akatapika, akatapika tena mpaka vikawa vitu vya rangi ambayo sikuwa nimeiona ikitoka ndani ya mtu. Nyimbo zilikwisha zenyewe. Watu wakakumbuka kwamba mvua inarudi, wakachukua mafungu yao, wakaondoka kwa makundi madogo wakiongea kwa sauti za chini. Kwa kuwa alikuwa amejichafua, walimlaza katika kibanda cha mbuzi, juu ya nyasi kavu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliwaza Bethlehemu. Niliona kwamba kila kitu kinakwenda kama kilivyoandikwa.

Bibi alichukua mamlaka bila kuomba. Alisimama mlangoni mwa kibanda akamwambia baba, mbele yetu sote, "Kuanzia sasa ni maji ya uvuguvugu tu. Kidogo kidogo. Atakayempa kitu cha kutafuna atakuwa amemchinja." Baba aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado ameshika ile kata aliyomnawishia.

Lakini mtu yule hakuacha kuomba. Hilo ndilo lililonishangaza. Tumbo lilikuwa likimpasua, na bado aliomba chakula. Sauti yake ilipenya ukuta wa matete mpaka jikoni tulipokuwa tumekaa: nipeni, nipeni, mlicho nacho. Mama alijiziba masikio kwa upande wa nguo yake. Baba alitoka nje akasimama mvuani.

Mimi nilikuwa na kipande changu. Sikukila. Nilikuwa nimekifunga kwenye jani na kukificha chini ya mkeka tangu mchana, kwa sababu nilitaka kuwa na kitu cha kutoa, na nilichokuwa nacho duniani ni kile tu. Sikujua ni lini ningepata nafasi. Ndipo bibi alipotoka kwenda kutafuta majani ya dawa kwenye ua kabla giza halijaingia, na sauti ikaita tena.

Niliingia kibandani. Mbuzi walikuwa wamesukumwa kona moja, wananitazama. Mtu yule alinyanyua kichwa. Niliyaona macho yake, na ninaweza kuapa kwamba hayakuwa na mimi ndani yake, wala hayakuwa na mtu mwingine yeyote. Yalikuwa na nyama tu. Lakini wakati ule sikuliona hilo. Nilipiga goti jinsi nilivyomwona baba akipiga, nikafungua jani, nikampa kwa mikono miwili. Alikula kutoka viganjani mwangu, halafu akaviramba viganja, halafu akairamba ile damu iliyokauka kwenye jani. Nilitoka nikiwa mwepesi kama mtu aliyeota anaruka. Nililala nikitabasamu.

Asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba kama migomba. Pumzi ilikuwa inatoka kwa vipande. Baba alipoona hivyo alileta maji kwenye kibuyu, akamuuliza kama anataka kubatizwa, na sijui kama alichofanya kwa kichwa chake kilikuwa kuitikia au kilikuwa maumivu. Baba akammwagia maji, akatamka maneno, sauti ikamkwama katikati, akaanza upya kutoka mwanzo kwa sababu aliogopa kwamba nusu haitahesabika. Jua lilipopanda juu ya migomba mtu yule alikuwa amekufa.

Mtoto wake alikuwa jikoni na bibi, anakunywa uji kwa kata ndogo. Alikuwa tayari amefumbua macho.

"Baba ameshiba?" alimuuliza bibi.

"Ameshiba," bibi alisema. "Meza polepole."

Baba alichimba kaburi mwenyewe. Majirani wawili watatu walikuja na majembe, akawakatalia. Mmoja, mtu mwema aliyetaka kumfariji, alisema, "Katekista, usihuzunike. Umempeleka mbinguni akiwa ameshiba fungu la Bwana." Baba aliacha kuchimba, akamkazia macho muda mrefu, bila hasira, mpaka yule jirani akachukua jembe lake akaondoka. Bibi alisimama kando ya shimo hadi mwisho. Nilingoja aseme kwamba alisema. Hakusema. Alichosema, udongo ulipokwisha kurudishwa, ni hiki: "Kesho watakuja wengine. Mtama wetu uko debe ngapi?"

Walikuja wengine. Kuanzia siku hiyo baba alikaa kando ya njia kutoka asubuhi, na mbele yake chungu kikubwa cha uji, anakoroga mwenyewe. Mwanamume kukoroga uji kulikuwa kichekesho, na watu wa kilima chetu waliokuwa wakimheshimu walipita wakiuma midomo ili wasicheke. Wengine hawakucheka. Walisema katekista amebadilika, amekuwa mbahili. Noeli alimchinjia Kristo, sasa anampa maji ya kuoshea chungu. Waliovuka Ruvubu ndio waliosema mabaya zaidi. Walikuwa wakinusa moshi wa nyumba zetu, wakiona migomba yetu, na mtu huyu amekaa na fimbo magotini anawapa kata moja ya uji mwepesi na kusema subiri. Walimlaani kwa majina ya wafu wao. Alichoma kijiti ardhini mbele ya chungu, na mpaka kivuli cha kijiti kitoke alama moja hadi nyingine, hakutoa kata ya pili, hata kama mtu alilia, hata kama alijigaragaza.

Hakupiga goti tena. Mtu alipofika, baba hakumtazama usoni. Alimbonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, aone kama shimo linabaki, akatazama tumbo, akatazama kucha. Bibi ndiye aliyemfundisha, ameketi nyuma yake. Nilipomwona akifanya hivyo niliingiwa na ubaridi. Nilidhani baba ameacha kumwona Kristo. Sasa naona labda alikuwa amejizuia asimwone, kwa sababu alijua angempa nini. Hata hivyo wanne walikufa mikononi mwetu mwezi ule, tukawazika. Mtoto wa yule mgeni alipona. Alilelewa nasi, ameolewa, ana watoto. Hakumbuki chochote. Tumekula pamoja mara elfu na sijamwambia.

Padri alifika mto ulipopungua, Noeli ikiwa imepita kwa majuma mengi. Alikuwa Mzungu mwenye ndevu aliyejifunza lugha yetu vizuri, aliizungumza taratibu, kila neno likiwa mahali pake. Alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa kanisa kusikiliza maungamo, na mimi nilikuwa katika foleni na wenzangu wa Komunyo ya kwanza. Nilikuwa nimekaa na jambo langu siku zote hizo. Sikumwambia mama, sikumwambia bibi.

Nilipiga magoti nikasema, "Padri, nilimpa mtu nyama, na bibi alikuwa amekataza."

"Nyama ya nani?"

"Yangu. Ya Noeli."

"Uliiba?"

"Hapana."

"Ulimpa ili watu wakuone?"

Nilifikiri. "Hapakuwa na mtu. Mbuzi tu."

Nilimsikia akicheka kidogo. "Sasa mwanangu, dhambi iko wapi? Ulijinyima, ukampa mwenye njaa. Mapadri wazee hawafanyi hivyo. Hukumtii bibi yako, hilo ni kosa dogo, utalitubu."

"Alikufa, padri."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anakohoa.

"Alikuwa wa kufa," alisema, kwa upole mwingi. "Mungu aliuona moyo wako. Usijitwishe mzigo usio wako."

Nilitaka kumwambia kwamba moyo wangu ndio uliomuua. Sikuwa na maneno hayo, nilikuwa na miaka kumi. Aliniambia nisali Salamu Maria tatu, akainua mkono, akaniondolea dhambi ya kutomtii bibi. Lile jingine aliniachia.

Nilipotoka, baba alikuwa akiningoja pale chunguni. Alitaka naye kwenda kwa padri. Alinipa fimbo, akanionyesha alama ya kivuli, akasema, "Wamekunywa sasa hivi. Asipate mtu kitu mpaka kivuli kifike hapa. Umenisikia? Hata akiwa nani." Alikwenda akiwa ameinamisha kichwa.

Walikuwa saba au wanane wameketi chini. Mwanamke mmoja kijana, titi limelala kifuani kama mfuko mtupu, alinyanyuka akaja na kibuyu chake. Alikinyoosha. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Mwana wa mama yangu. Wewe ni msichana kama mimi. Niongezee kabla baba yako hajarudi. Nusu kata tu. Nani ataona?"

"Subiri, dada," nilisema.

"Ninyi si watu wa Mungu?"

Uji ulikuwa mwingi, bado unatoa moshi. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, ina harufu tamu ya njaa. Uso wake nikauona wote, na nilijua ni uso wa nani, kama nilivyojua ile siku ya kwanza.

Nikafunika chungu. Nikaweka mikono miwili juu ya kifuniko, ingawa kiliniunguza.

Alinitemea mate, yakanipata begani. Kisha akakaa pale pale miguuni pangu, akaanza kunitukana polepole, tusi moja baada ya jingine, kama mtu anayetunza nguvu zake. Nikamwacha atukane.